Peter Cushing: Maisha ya Mwigizaji wa Filamu za Mizuka

Fanani anayesimulia hadithi ya zimwi hana zimwi la kuwaonyesha wasikilizaji wake. Alicho nacho ni sauti, mikono na uso wake mwenyewe, na hadhira huogopa kwa kadiri inavyomwona yeye akikiamini anachokisema. Jambo hili, ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hukutana nalo mapema katika masomo yake, ndilo ninaloliona kuwa siri ya filamu za kutisha zilizotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1957 na katikati ya miaka ya 1970. Mizuka ya filamu hizo imechakaa machoni petu, popo wake huonekana wazi kuwa vikaragosi, na damu yake ni nyekundu kupita kiasi. Hata hivyo zinatazamwa hadi leo, zinakarabatiwa na kuuzwa upya, na wahakiki hawajaacha kuziandikia vitabu. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu ambaye, kwa maoni yangu, alichangia kuliko wengine kuzipa uhai huo. Mtu huyo ni Peter Cushing.

Cushing alizaliwa tarehe 26 Mei 1913 huko Kenley, Surrey, kusini mwa London, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa George Edward Cushing, mkadiriaji wa gharama za ujenzi, na mkewe Nellie Marie. Mama alikuwa ametamani mno kupata binti. Alipojaliwa mwana wa kiume kwa mara ya pili, alimvika magauni na kumwachia nywele ndefu kwa miaka kadhaa. Baba alikuwa mtu mkimya, asiyeonyesha mapenzi yake kwa wepesi. Uigizaji, hata hivyo, ulikuwa damuni. Babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wa waigizaji wa kundi la Henry Irving, bingwa wa jukwaa la Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Na ni nani aliyekuwa meneja wa Irving katika ukumbi wa Lyceum? Ni Bram Stoker, ambaye mwaka 1897 alichapisha riwaya ya Dracula. Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba Stoker alimchora mhusika wake mkuu akimtazama Irving. Ikiwa ni hivyo, babu alimtumikia mtu aliyemzaa Dracula, na mjukuu akaja kumuua. Mwandishi wa riwaya angetumia sadfa kama hii, sisi wahakiki tungemlaumu kwa kukosa ukweli wa kisanaa.

Shuleni hakung'aa. Shule ya bweni aliyopelekwa alishindwa kuivumilia kwa sababu ya kupakumbuka nyumbani. Alichokipenda ni kuchora, kuigiza, na filamu bubu za Tom Mix, mpanda farasi wa Marekani. Baba yake, ambaye hakuona riziki katika sanaa, alimtafutia kazi ya msaidizi wa mpima ardhi katika halmashauri ya Coulsdon na Purley. Alidumu huko miaka mitatu, na inasemekana kwamba kazi aliyoifanya kwa bidii zaidi ilikuwa kujifichia darini alikotumwa kupanga ramani, akikariri maneno ya tamthilia. Alipoomba nafasi katika chuo cha Guildhall mara ya kwanza, matamshi yake yalimponza. Akarudi nyumbani kuyanoa. Baadaye akaanza kumwandikia barua Bill Fraser, kiongozi wa kundi la maigizo mjini Worthing. Barua zilizidi idadi hata Fraser akamwita mwaka 1935, kwa nia ya kumsihi aache kuandika. Usiku huohuo alijikuta jukwaani katika sehemu ndogo ya mdai. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwa na kazi nyingine rasmi isipokuwa uigizaji, ijapokuwa mara nyingi hata hiyo haikuwapo.

Mwaka 1939 baba yake, kwa mara ya kwanza akionyesha kumuunga mkono, alimnunulia tikiti ya kwenda Hollywood. Ilikuwa tikiti ya kwenda tu, isiyo ya kurudi. Filamu ya kwanza aliyoipata iliongozwa na James Whale, Mwingereza aliyekuwa ameongoza Frankenstein ya mwaka 1931. Kazi ya Cushing ilikuwa ya ajabu: mwigizaji mkuu alicheza ndugu wawili pacha, hivyo ilihitajika mtu wa kusimama mbele yake na kumjibu, kisha picha ya mtu huyo ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na yule mkuu. Alipewa pia sehemu ndogo isiyofutwa. Mwaka uliofuata alionekana kwa muda mfupi pamoja na wachekeshaji Laurel na Hardy. Vita vilipopamba moto alitaka kurudi kwao. Nauli haikuwapo. Alipitia Kanada, akafanya vibarua mjini Montreal, kikiwemo cha kuwaonyesha watu viti katika jumba la sinema, na alifika Uingereza mwaka 1942.

Akiwa katika kundi la waigizaji waliowatumbuiza wanajeshi, alikutana na Helen Beck. Helen alizaliwa St Petersburg, Urusi, katika familia ya Kiingereza iliyokimbia baada ya mapinduzi. Alimzidi Cushing kwa miaka minane. Walioana tarehe 10 Aprili 1943, na hawakujaliwa watoto. Msomaji asiukimbilie ukurasa unaofuata kwa kudhani kwamba ndoa hii ni habari ya pembeni. Bila Helen hatungekuwa na Cushing tunayemjua, na bila kifo cha Helen filamu zake za mwisho zingekuwa kitu kingine kabisa.

Miaka ya mwanzo ya ndoa ilikuwa ya dhiki. Laurence Olivier alimpa sehemu ya Osric katika filamu ya Hamlet ya mwaka 1948 na kumchukua katika ziara ya Australia, lakini baada ya hapo milango ikafungwa. Cushing alipaka rangi mitandio ya hariri ili mkono uende kinywani. Ni Helen aliyeona kwamba runinga, chombo ambacho waigizaji wengi wa jukwaa walikidharau wakati huo, ndiyo njia. Alimshauri mumewe atafute majina ya watayarishaji wa BBC katika jarida la ratiba za vipindi na kuwaandikia wote. Kwa mara ya pili barua zikamwokoa. Katika muda wa miaka michache akawa mmoja wa waigizaji waliojulikana zaidi katika runinga ya Uingereza. Tarehe 12 Desemba 1954 aliigiza Winston Smith katika mchezo uliotokana na riwaya ya George Orwell ya Nineteen Eighty-Four. Mchezo ulirushwa moja kwa moja, na mateso yake yaliwatia watazamaji kiwewe hata wabunge wakawasilisha hoja Bungeni, wengine wakiulaani na wengine wakiutetea. Siku nne baadaye waigizaji walirudi studioni na kuucheza wote upya.

Kampuni ya Hammer ilikuwa ndogo. Badala ya studio kubwa ilikuwa na nyumba ya kale, Down Place, kando ya mto Thames karibu na kijiji cha Bray, na vyumba vyake ndivyo vilivyogeuzwa kuwa makasri na makaburi, vikapakwa rangi upya kila filamu mpya ilipoanza. Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa The Curse of Frankenstein chini ya mwelekezi Terence Fisher, kwa gharama ya takriban pauni 65,000. Kampuni ya Universal ya Marekani ilikuwa imeonya kwamba ingeishtaki Hammer endapo sura ya zimwi lake la mwaka 1931 ingeigwa. Onyo hilo liliwasukuma Waingereza kwenye uamuzi uliobadili utanzu mzima: kiini cha hadithi kisiwe zimwi, kiwe ni mwanasayansi mwenyewe. Cushing alicheza Baroni Frankenstein mara sita hadi mwaka 1974, na kila mara zimwi lilikuwa tofauti ilhali Baroni alibaki yuleyule, mtanashati, mwenye adabu na asiye na huruma.

Hapa ndipo mbinu yake inapostahili kuangaliwa kwa makini. Kabla ya kucheza daktari alimwendea daktari wake mwenyewe kuulizia namna kisu cha upasuaji kinavyoshikwa. Wenzake walimtania kwa mazoea yake ya kutafuta vifaa: kalamu, miwani, kikombe, saa ya mfukoni, chochote ambacho mkono wa mhusika ungeweza kukigusa wakati mdomo ukisema. Alivaa glavu nyeupe alipovuta sigara kati ya onyesho na onyesho, ili vidole visionekane na madoa ya moshi. Ni mambo madogo. Lakini mtazamaji anayemwona mtu akifuta damu mkononi kwa ukosi wa koti lake, bila kuangalia, kama mtu aliyezoea, hawezi tena kujiambia kwamba maabara ile ni mbao na rangi. Katika istilahi zetu tungesema kwamba Cushing aliingiza uhalisia ndani ya fantasia, na aliuingiza kupitia vitu vya kawaida.

Mfano bora ni Dracula ya mwaka 1958, ambamo alicheza Van Helsing, msomi anayewawinda wafu wanyonya damu. Kulingana na mswada, mwishoni Van Helsing alipaswa kutoa msalaba mfukoni. Cushing alilalamika kwamba katika filamu ile alikuwa ameshatoa misalaba mingi kiasi cha kuonekana mchuuzi wake. Akapendekeza akimbie juu ya meza ndefu, arukie mapazia na kuyaangusha ili jua liingie, kisha anyakue vinara viwili vya mishumaa na kuvipishanisha. Fisher alikubali. Hivyo msalaba unazaliwa mbele ya macho yetu kutokana na vyombo vya nyumbani, mikononi mwa mtu anayetweta. Christopher Lee, aliyecheza Dracula, ana maneno machache sana katika filamu hiyo, na muziki wa James Bernard unamtaja pale ambapo hakuna anayemtaja: noti zake tatu za mwanzo zimepangwa kufuata silabi tatu za jina lake. Mwanafunzi wa arudhi hana haja ya kuelezwa nguvu ya mizani. Wadhibiti wa filamu wa Uingereza walikata sehemu za kuoza kwa Dracula. Mwaka 2011 mikanda yenye baadhi ya vipande hivyo iligunduliwa katika hifadhi ya filamu mjini Tokyo, ikarejeshwa katika nakala mpya, miaka zaidi ya 50 baada ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza. Filamu isiyopendwa haitafutiwi vipande vyake hadi Japani.

Mwaka 1959 ilifuata The Mummy, kuhusu maiti ya Misri ya kale inayoamka. Cushing alipoliona tangazo la filamu lenye mwanga unaopenya katika tundu kifuani mwa maiti hiyo, aliuliza tundu limetoka wapi. Akajibiwa kwamba ni la kuvutia wateja tu. Hakuridhika: akapendekeza mhusika wake amchome maiti huyo kwa chusa lipenye hadi upande wa pili, ili tangazo lisiwe la uongo. Nafungua mabano hapa kwa ajili ya wapenzi wa etimolojia. Neno la Kiingereza linalotaja maiti kama huyo na neno letu mumiani yana asili moja, iliyopitia Kiajemi na Kiarabu. Kwetu neno hilo lilitaja dawa nyeusi iliyosemekana kutokana na maiti au damu ya watu, kisha katika enzi ya ukoloni likawa jina la watu waliovumishwa kuwa wanawakamata wenzao usiku na kuwanyonya damu. Kwa hiyo vitisho ambavyo Hammer iliviuza katika filamu mbili, Kiswahili kilikuwa kimevitia katika neno moja. Uhusiano mwingine na fasihi yetu uko katika She ya mwaka 1965, ambamo Cushing alicheza Meja Holly. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Rider Haggard ambayo wahusika wake huanzia safari yao katika pwani ya Afrika Mashariki, ingawa watengenezaji wa filamu waliihamishia kwingine. Haggard ni yuleyule ambaye Mashimo ya Mfalme Sulemani yake, iliyotafsiriwa na Frederick Johnson, ilisomwa shuleni kwetu kwa miongo mingi.

Lee na Cushing waliigiza pamoja katika filamu zaidi ya 20, aghalabu wakiuana. Nje ya kamera walikuwa marafiki wa chanda na pete waliochekeshana kwa kuiga sauti za vibonzo. Hata siku zao za kuzaliwa zilifuatana, 26 na 27 Mei. Haikuwa kazi ya kuheshimiwa na wote. Wahakiki wa magazeti walizishambulia filamu za Hammer kwa lugha kali, na kampuni yenyewe wakati mwingine iliwapa hoja. Katika Frankenstein Must Be Destroyed ya mwaka 1969 liliingizwa onyesho la ubakaji kwa agizo la wakubwa wa kampuni, waliotaka kuongeza mvuto wa kibiashara. Mwelekezi hakulitaka, Cushing hakulitaka, na mwigizaji mwenzake Veronica Carlson hakulitaka. Lilipigwa hata hivyo. Nikiitazama filamu hiyo naliona onyesho hilo kama kiraka kisicholingana na nguo, kwani halimwongezei Baroni sifa yoyote ambayo hatukuwa tumeijua.

Mwaka 1959 Peter na Helen walinunua nyumba Whitstable, mji wa wavuvi wa chaza katika pwani ya Kent, kwa kutumaini kwamba hewa ya bahari ingemsaidia Helen aliyekuwa na ugonjwa wa mapafu. Kwa kiasi fulani Cushing alipokea kazi nyingi ili kulipia matibabu. Mapema mwaka 1971 alikuwa amefanya siku moja tu katika filamu nyingine ya maiti wa Misri alipoitwa nyumbani. Helen alifariki tarehe 14 Januari. Cushing mwenyewe aliandika baadaye kwamba usiku ule alitamani moyo wake nao usimame, na kwamba kilichomzuia kukata tamaa kabisa ni maandishi ambayo Helen alikuwa amemwachia, akimsihi asiharakishe kumfuata. Aliyatii maandishi hayo kwa miaka 23. Hata hivyo hakumficha mwandishi wa habari yeyote kwamba miaka hiyo aliihesabu kuwa ya kungojea.

Filamu alizozifanya mara baada ya msiba zinasomeka kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Katika Tales from the Crypt ya mwaka 1972 aliombwa kucheza mhusika mmoja, naye akaomba apewe mwingine, Grimsdyke, mzee mjane anayejaribu kuzungumza na mkewe aliyekufa na anayeandamwa na majirani hadi anajiua. Maandishi ya mswada yalikuwa machache. Anachokifanya Cushing kwa macho na mabega katika dakika zile chache hakikuandikwa na mtu. Katika Dracula A.D. 1972 alikuwa amepangiwa kuwa baba wa msichana, lakini huzuni ilikuwa imemkondesha na kumzeesha kiasi kwamba mswada ulibadilishwa akawa babu. Alipokuwa Madrid kwa ajili ya Horror Express alitaka kuacha kazi na kurudi kwao. Lee hakumpa hotuba ya kumliwaza, bali alikaa naye akimsimulia mambo ya zamani hadi akabaki.

Ndipo suala la mvuto wa filamu hizi linaponishika. Kwa miaka 14 kazi ya Cushing mbele ya kamera ilikuwa ama kumzuia mfu asirudi, kama Van Helsing, ama kumlazimisha arudi, kama Frankenstein. Hizo ndizo tamaa mbili za kila aliyefiwa: kumtaka marehemu arudi, na kuogopa atakachokuwa akirudi. Masimulizi ya mizimu ya kwetu yanajengwa juu ya hizohizo. Baada ya mwaka 1971 mtu aliyezicheza tamaa hizo alikuwa akizijua kutoka ndani, na Mkristo aliyeamini kwa dhati kwamba angekutana tena na mkewe hakuweza kuufanyia dhihaka mpaka kati ya waliohai na waliokufa, hata katika filamu ya bei ya chini yenye mswada dhaifu. Zilikuwapo nyingi za namna hiyo. Hakuigiza hata moja kwa kubeza.

Kizazi kilichofuata kilimjua kwa jina jingine. Katika Star Wars ya mwaka 1977 alicheza Tarkin, kamanda anayeangamiza sayari nzima kwa sauti ya upole. Buti alizopewa zilimbana, akaomba ruhusa ya kuvaa ndara za nyumbani, na kamera ikalazimika kumwonyesha juu ya magoti. Mwaka 1982 aliambiwa kwamba ana saratani ya tezi dume na kwamba hangeishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Aliishi 12. Aliandika vitabu viwili vya kumbukumbu, vya mwaka 1986 na 1988, akachora picha za rangi za maji, akatazama ndege ufukweni, akawapangia gwaride askari wake wa kuchezea waliofika maelfu. Aina ya waridi ilipewa jina la Helen. Mwaka 1989 alitunukiwa nishani ya OBE. Miezi michache kabla ya kifo chake yeye na Lee walikutana Canterbury kurekodi simulizi ya filamu ya hali halisi kuhusu Hammer, na wazee hao wawili wakaachana wakijua. Alifariki tarehe 11 Agosti 1994 katika nyumba ya kutunzia wagonjwa mahututi mjini humo, akiwa na umri wa miaka 81.

Mwaka 2016, kwa idhini ya wasimamizi wa mirathi yake, filamu ya Rogue One ilimrudisha Tarkin. Mwigizaji Guy Henry aliicheza sehemu hiyo, kisha kompyuta ikaubandika uso wa Cushing juu ya wake. Mjadala ulizuka kuhusu haki za marehemu, na ulifika mahakamani. Ufundi wenyewe ni wa kustaajabisha, na kila kunyanzi kipo mahali pake. Mimi niliangalia mikono. Ilikuwa ya mtu mwingine. Huko Whitstable, kwenye ukingo wa bahari panapoitwa Cushing's View, lipo benchi ambalo yeye na Helen waliutolea mji kama zawadi, na majina yao yote mawili yameandikwa juu yake, la Helen likitangulia.